Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Tumepokea barua kutoka kwa dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ndoa imempeleka Nairobi na sasa makazi yake ni upande wa Kawangware. Aeleza kwamba yeye na wenziwe, wote wenye watoto ambao hawajafika umri wa kuingia shule, wameanzisha darsa yao ya kila Alhamisi. Hukutana nyumbani kwa mmoja wao, watoto mapajani, na mara moja kwa mwezi humwalika mgeni aje awazungumzie. Tatizo lao ni huyo mgeni. Mwezi mmoja walimwita mtu anayesifiwa sana mitandaoni, akazungumza saa moja na nusu juu ya alama za Kiyama huku watoto wakilia. Mwezi mwingine aliwajia bibi aliyesema atawafunza lishe, kumbe amebeba mkoba wa dawa za unga za kuuza. Wenziwe wameanza kupungua.

Hapo ndipo anapomtaja jirani yake Mkristo. Kanisani kwao, katika mitaa hiyo hiyo ya magharibi ya jiji, lipo kundi la mama wenye watoto wadogo, nalo pia hualika wageni. Lakini wageni wao huchaguliwa kwa utaratibu, na mama hawakosi siku yao. Dada yetu auliza maswali mawili: je, yafaa kuiga utaratibu wa kanisani? Na mgeni wa darsa ya mama huchaguliwa vipi?

Maswali haya yametugusa, kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kuwa mgeni wa darsa kama hiyo, na tulikosea. Kosa letu tutalisimulia hapa chini, in shaa Allah. Na tuanze na swali la kwanza.

Kuiga kunakolaumiwa ni kuiga itikadi na ibada za wengine. Namna ya kupanga mambo ya dunia ni mlango mwingine. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyopigwa muhuri, naye akatengeneza pete ya fedha yenye jina lake ili apigie muhuri. Katika vita vya Handaki, Waislamu walichimba handaki kwa shauri la Salman (R.A.), na hiyo ilikuwa desturi ya Wafursi, wala Waarabu hawakuwa wakiijua. Na hapa pwani kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika makala aliyoyaandika miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu wachukue kwa wengine lenye manufaa na waache lenye madhara. Basi, ikiwa jirani ana njia njema ya kupanga mkutano, kuichukua si dhambi, bali kuiacha kwa sababu ni ya jirani ni kujinyima.

Na kwa kuwa dada yetu amelitaja kanisa, si vibaya tujue asili ya jambo lenyewe. Umoja wa akina mama wa Kianglikana uitwao Mothers' Union, ambao una wanachama wengi hapa Kenya, ulianza mwaka 1876 katika kijiji cha Old Alresford, kusini mwa Uingereza. Mwanzilishi wake, Mary Sumner, alikuwa mke wa kasisi wa kijiji hicho. Binti yake alipojifungua, bibi huyo alikumbuka jinsi yeye alivyoelemewa alipokuwa mama kwa mara ya kwanza, akawaita nyumbani kwake wanawake wa kijijini, wenye mali na wasio na mali. Siku ya kwanza hofu ilimzidi, akashindwa kuwazungumzia. Mkutano uliofuata alijikaza akasema. Mwaka 1885 ulifanyika mkutano mkubwa wa kanisa katika mji wa Portsmouth, na aliyepangiwa kuwahutubia wanawake alikuwa Askofu wa Newcastle. Askofu yule aliona kwamba hana mengi ya kuwafaa wanawake wale, akamwomba Mary Sumner aseme badala yake. Hotuba ile ndiyo iliyoutoa umoja ule kijijini ukaenea nchini, na baadaye ukavuka bahari.

Itikadi yao ni yao na yetu ni yetu. Lakini mtu mwenye cheo, aliyekwisha kualikwa na kuandaliwa kiti, kumpisha anayelijua jambo zaidi yake, hilo ni la kutazamwa. Nalo lina mfano wake kwetu, tena ulioutangulia huo kwa karne nyingi. Mtu mmoja, Shurayh bin Hani, alimwendea Bi. Aisha (R.A.) kumwuliza habari ya kupangusa juu ya khofu za ngozi wakati wa kutawadha. Bi. Aisha, kwa elimu yake yote, alimwambia amwendee Ali bin Abi Talib (R.A.), kwa kuwa Ali ndiye aliyekuwa akisafiri na Mtume (S.A.W.). Na masahaba walipohitalifiana juu ya jambo la josho la mume na mke, Abu Musa (R.A.) hakulikata kwa rai yake, alikwenda kubisha hodi kwa Bi. Aisha, akalipata jibu. Jambo la safari liliulizwa kwa msafiri, na jambo la nyumbani likaulizwa kwa mwenye nyumba. Huo ndio msingi wa kuchagua mzungumzaji, na mengine yote tutakayoyaeleza ni matawi yake.

Sasa tusimulie kosa letu. Tunalieleza kwa idhini ya mwenyewe aliyedhurika nalo.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Nairobi kwa shughuli zetu. Tulisali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, ule uliojengwa baina ya 1925 na 1933, ambao kuba zake tatu huonekana kati ya majumba marefu karibu na soko kuu la jiji. Baada ya sala ndugu mmoja alitushika mkono, akatuomba kesho yake twende mtaani kwao tukawazungumzie mama wenye watoto wadogo, mkewe akiwa mmoja wao. Hakutuuliza twajua nini, nasi hatukumwuliza mama wale wataka nini. Alituona tumevaa kanzu na joho, watu wakija kutuamkia, na kwake hilo likatosha. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulifurahi kualikwa.

Siku ya pili tulipanda gari la nambari 46, tukapita Hurlingham na Yaya hadi Kawangware. Nyumba ilikuwa ndogo lakini safi. Pazia liligawa ukumbi, sisi upande huu na mama upande wa pili. Tulikuwa tumejiandaa kusema juu ya subira, na tukasema, kwa muda uliozidi saa nzima. Watoto walipolia tuliomba wanyamazishwe. Yatusikitisha kulikumbuka hilo, kwa sababu hadithi ya Abu Qatada (R.A.) tumeifundisha chuoni mara zisizo na idadi: kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, asije akamtaabisha mama yake. Yeye alifupisha sala. Sisi tuliona vigumu kufupisha maneno yetu.

Mwisho tulitaka maswali. Karatasi moja ilipitishwa chini ya pazia, haina jina. Aliyeandika alisema kwamba ana mtoto mwenye afya, mume mwema, na maziwa ya kutosha, lakini kila usiku analia, wala hausikii moyoni mwake upendo wa mama kwa mtoto. Aliuliza kama hiyo ni adhabu. Tulimjibu kwa maneno machache: azidishe adhkari, akumbuke neema, na awatazame wangapi wanamlilia Mola wao wapewe mtoto na hawajapewa. Tukasoma dua, tukaletewa mahamri na chai, tukaaga.

Baada ya miezi mitatu hivi, yule ndugu alitueleza yaliyofuata. Karibu na mlango upande wa mama alikuwa ameketi bibi mmoja Mnubi wa Kibra, muuguzi aliyestaafu, ambaye alikuja kumsindikiza mke wa mwanawe. Aliiona karatasi ilikotoka. Watu walipoondoka, yeye alibaki. Alimkuta yule dada ana wiki tano tangu ajifungue, halali hata mtoto alalapo, na mawazo yanayomjia ni ya kutisha, hata aogopa kubaki peke yake na mwanawe. Jibu letu lilimwongezea mzigo: sasa alijiona mgonjwa na mkosefu wa shukrani pia. Bibi yule hakumhutubia. Alimfuata mumewe, wakampeleka hospitali, akatibiwa, na kwa wiki kadhaa nduguze walipokezana kulala naye. Alhamdulillahi alipona, na mwanawe leo amekwisha kuanza chuo.

Bibi muuguzi hakutulaumu. Alituletea ujumbe mmoja tu kupitia kwa yule ndugu, kwamba siku nyingine tukiulizwa jambo kama hilo, kabla ya kujibu tuulize kama yupo muuguzi ukumbini.

Tulijifunza baadaye jambo ambalo ilitupasa tulijue kabla ya kukubali mwaliko. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba, ulimwenguni, wazazi kama 13 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, mengi yake yakiwa ni haya ya huzuni nzito, na katika nchi kama zetu hukaribia 20 katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika darsa ya mama 20 wenye watoto wachanga, ni jambo la kutarajiwa kabisa kumkuta mmoja wao, wawili au hata zaidi walio katika hali hiyo. Na ugonjwa huu hutibika. Adhkari na dua ni nguzo ya kila Muislamu, mzima na mgonjwa, wala hatuziondoi. Lakini mwenye homa ya malaria hatumwambii asome uradi asiende hospitali. Twamwambia asome, na aende.

Basi, dada yetu, kutokana na kosa hilo na kutokana na uliyoyaona kwa jirani yako, twakupa mashauri haya.

La kwanza, msianze na mgeni, anzeni na mama. Waeleza katika barua yako kwamba wenzenu wa kanisani huandika kwanza yanayowashughulisha, kisha ndipo hutafuta mtu. Utaratibu huo una asili katika dini yetu. Amepokea Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba wanawake walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kuwa wanaume wamewazidi kwake, na wakaomba awatengee siku yao. Akawatengea. Na miongoni mwa aliyowaambia siku hiyo ni habari ya mama aliyefiwa na watoto watatu, kwamba watakuwa kinga yake na Moto. Mmoja wao akauliza: na aliyefiwa na wawili? Akajibiwa kuwa na wawili pia. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda: siku waliitaka wao, alilowaambia lilihusu jeraha lililokuwa katika nyumba nyingi za zama zile, na mama mmoja alipata nafasi ya kuuliza lake. Gaweni karatasi tupu wiki mbili kabla. Kila mama aandike swali moja bila jina, na asiyejua kuandika amnong'oneze mwenziwe anayemwamini. Kisha wawili wenu muyapange maswali hayo mafungu mafungu, na fungu kubwa ndilo darsa ya mwezi.

La pili, kila swali lipelekeni kwa mwenyewe. Maswali ya chanjo mpelekeeni muuguzi wa kliniki ya watoto, na katika mitaa yenu vipo vituo vya afya vya serikali kama vile Riruta na Kangemi. Yeye atawaeleza kwa nini mtoto hudungwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kwa nini sindano ya surua ya miezi 9 haitoshi bila ya ile ya miezi 18, ambayo wengi huisahau. Maswali ya talaka, matunzo na mirathi yana wenyewe pia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa humo. Basi alikeni kadhi au wakili Muislamu, msimwulize mtu wa mawaidha tu.

Maswali ya twahara yahitaji mwalimu wa fiqhi, na yanayohusu miili yenu ni bora awe mwanamke. Hapa tutoe mfano mmoja, kwa kuwa kosa hili limeenea sana majumbani. Wako wanaodhani kwamba mzazi hasali mpaka arubaini itimie, ijapokuwa damu ilimkatika zamani. Sivyo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, siku 40 ni mazoea ya walio wengi, upeo wa nifasi ni siku 60, na kwa uchache wake hauna kikomo. Damu ikikatika, hata baada ya siku kumi, mzazi ataoga na atasali. Mwalimu akilieleza hilo kwa dakika kumi, na mama wakamwuliza bila haya, amewafaa kuliko hotuba ya saa nzima. Bi. Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Mtu aweza kuuliza: je, muuguzi au daktari akiwa si Muislamu? Twajibu kuwa katika jambo la ujuzi wake, akiwa mwaminifu, hakuna ubaya. Katika Hijra, safari iliyokuwa hatari kuliko zote, Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walimkodi Abdullah bin Urayqit kuwaongoza njia, naye wakati huo hakuwa Muislamu. Waliiamini elimu yake ya njia na uaminifu wake. Lakini njia ya kwenda Madina ndiyo waliyomwuliza. Dini hawakumwuliza.

La tatu, mwendeeni mgeni kabla hajaja. Waende wawili, au wampigie simu, wampe maswali yenyewe, na wamwulize atasema nini. Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo, mwacheni kwa heshima. Muulizeni pia jambo hili: akiulizwa asilolijua, atafanyaje? Imepokewa habari mashuhuri kwamba Imamu Malik, mwanachuoni wa Madina, aliletewa maswali mengi kwa mpigo mmoja, na mengi katika hayo alijibu kwamba hajui. Hakupungua cheo kwa jibu hilo. Sisi tuliojua kila kitu siku ile Kawangware ndio tuliopungua. Wala sifa za mitandaoni zisiwatie haraka. Wahenga wamesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kipande cha dakika mbili kwenye simu hakiwaonyeshi mtu huyo atamjibu vipi mama anayelia.

Katika hilo la tatu, jihadharini na wageni wa namna mbili. Wa kwanza ni mwenye bidhaa. Mama mwenye mtoto mchanga ni mteja mwepesi, kwa sababu hofu yake ni nyingi. Muwe wakali zaidi juu ya maziwa ya kopo. Ipo sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayodhibiti utangazaji wa vitu vinavyouzwa badala ya maziwa ya mama, na Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Anayekuja na sampuli za bure, rudini naye mlangoni. Wa pili ni mwanasiasa, au mke wake, au mjumbe wake. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Atakuja na leso na bahasha, na Alhamisi inayofuata darsa yenu itaitwa kwa jina lake.

La nne, hifadhini adabu baina ya wanaume na wanawake bila ya kuufunga mlango wa elimu. Mgeni mwanamke mwenye elimu awe wa kwanza kufikiriwa. Akihitajika mwanamume, liwepo pazia, wawepo watu wa nyumba, na maswali yaandikwe. Hili mnalijua. Tunaongeza moja tu kutokana na yaliyotupata: upande wa mama akae mwanamke mzima mwenye busara, naye azipokee karatasi kabla hazijamfikia mgeni. Swali linaloonyesha kwamba mtu yumo hatarini halisomwi mbele ya watu likajibiwa kwa haraka. Mwenye swali hilo huandamwa polepole baada ya darsa, kama bibi yule alivyofanya.

La tano, mpangieni mgeni wakati, lugha na nauli. Nusu saa ya maneno na nusu saa ya maswali yatosha. Ibn Masud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu siku ya Alhamisi tu, na alipoombwa awawaidhi kila siku alikataa, akihofia kuwachosha, kama Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akichelea kuwachosha wao. Mwambieni azungumze Kiswahili chepesi, maana darsa za Nairobi hukusanya watu wa pwani, Wanubi, Wasomali na dada zetu waliosilimu, na Kiarabu kisichofasiriwa huwafanya hao wa mwisho wajione wageni katika dini yao wenyewe. Wasichana wawili wakubwa wawachezeshe watoto chumba cha pili, na wanaonyonya wabaki na mama zao bila ya kukaripiwa. Na nauli ya mgeni itengwe mapema. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akapanda magari mawili kuja kwenu hapaswi kurudi kwa mfuko wake.

La sita, mgeni akiondoka, ulizaneni. Amejibu lililoulizwa? Kuna aliyetoka na huzuni kuliko alivyoingia? Lau sisi tungeulizwa siku ile, lau kungekuwa na mtu wa kutupigia simu usiku ule ule, tungejua mapema tulilolifanya, wala isingechukua miezi mitatu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayetakiwa kupona katika maneno hayo ni mwenyeji. Sisi katika darsa nyingi tumeigeuza: mwenyeji hupika, hufagia, huazima viti, hunyamazisha watoto, ili mgeni aone raha na aondoke amesifiwa. Mgeni ndiye anayepona. Na aghalabu, wakati sisi twatazama mlangoni nani ataingia, mponyaji yuko ndani amekaa jamvini. Katika ukumbi ule mdogo alikuwepo bibi aliyewahudumia wazazi kwa miaka mingi ya kazi yake. Hakuna aliyemwomba aseme neno, kwa kuwa alikuja kumsindikiza mkewe mwana, na sisi tulikuwa na joho.

Hatusemi mashekhe wasialikwe. Lipo letu la kusema, na mama wana haki ya kulisikia: Qur'ani isomwe, hukumu zifafanuliwe, mioyo ikumbushwe Akhera. Twasema tualikwe kwa hayo, na tulipofika ukingo wa tunalolijua tusimame na tumpishe anayejua. Tangu siku ile, tukialikwa kwenye darsa za mama, huuliza mambo mawili kabla ya kukubali: maswali yao ni yapi, na ni nani miongoni mwao aliye muuguzi, mkunga au mwalimu. Mara mbili tumekataa mwaliko na kumtaja mtu mwingine. Hatukupungukiwa na kitu.

Basi dada yetu, twakushauri mwezi ujao msimwalike yeyote. Itumieni Alhamisi hiyo kwa karatasi tupu, na muorodheshe kila mama wa darsa yenu anajua nini: nani amesomea nini, nani amelea pacha, nani amemlea mtoto mlemavu, nani amefiwa. Mtashangaa. Na kabla ya Alhamisi hiyo kufika, nendeni kwa wale walioacha kuja. Nendeni wawili wawili na chupa ya uji, msiwaulize kwa nini wamepotea. Waulizeni wamelala vipi. Huenda ni shughuli tu zilizowazuia. Huenda mmoja wao amebeba karatasi ambayo hajapata wa kumpitishia.

Na yule jirani yako usimsahau. Jibril (A.S.) alizidi kumwusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani hata akadhani kwamba atamrithisha, na Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinja mbuzi, aliwauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi. Mpelekee mahamri, mshukuru kwa alilokufunza, na akikuuliza darsa yenu yaendeleaje, mweleze. Mama wawili wenye watoto wa umri mmoja wana mengi ya kuulizana ukutani kabla ya kumwita mgeni yeyote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaze mama zetu afya ya mwili na utulivu wa moyo, awakuze watoto wao katika wema, na atupe sisi tunaoitwa wenye elimu ujasiri wa kusema hatujui. Wabillahi tawfiq.